Gari Iliyozima na Dizeli Ndani ya Tangi

Gari kuukuu ya dizeli haizimi bila kutoa dalili. Huitoa mapema, tena huirudia ileile mara nyingi, na aliye karibu nayo huiona. Msiba ni kwamba aliyeiona mara nyingi si yule anayeulizwa. Kisa hiki ni cha kufundishia, na ndiyo maana hakina majina ya watu, lakini kila kilichomo ni cha kawaida kwenye gari za namna hiyo.

Tuchukue mwenye gari mmoja wa Jambiani, upande wa Kibigija. Kazi yake ni kubeba: leo mawe ya kujengea, kesho mchanga, na mwani ukikauka, magunia ya mwani kwenda mjini. Gari yake ni Bedford ya tani nne, inayovuta kwa magurudumu yote, iliyomaliza utumishi wake jeshini kabla ya kupigwa mnada na kupita mikononi mwa watu kadhaa. Mlango ukiukwaruza kwa kucha, chini ya buluu unakutana na kijani cha jeshi.

Bedford ilikuwa tawi la kampuni ya Vauxhall ya Uingereza, na wakati wa Vita Kuu ya Pili iliunda magari ya jeshi zaidi ya 250,000. Baada ya vita iliendelea na kazi hiyo katika kiwanda cha Dunstable. Ni gari za chuma kinene, hazina kompyuta, na fundi mwenye spana na akili aweza kuifungua mashine chini ya mwembe na kuifunga tena. Kinachoziponza ni kukaa. Gari ya jeshi yaweza kulala bohari miaka mingi, tangi lina nusu ya mafuta, jua linapanda na kushuka. Usiku unyevu wa hewa iliyo ndani ya tangi hugeuka matone na kuteremka chini ya dizeli, maana maji ni mazito kuliko dizeli. Bati hushika kutu kwa ndani, mipira hukauka, na pale maji yanapokutana na mafuta huota vijidudu vinavyoacha utelezi mweusi. Siku ya mnada mnunuzi hutazama matairi, hupiga chasisi teke, husikiliza mlio wa mashine. Tangi hakuna anayelifungua.

Jambiani nayo ina lake. Upepo wa bahari hupiga mwaka mzima na chumvi hufika kila mahali penye chuma. Halafu kuna namna tunavyonunua mafuta: kidogo kidogo, dumu moja leo, nusu dumu kesho, kadiri ya mzigo uliopatikana. Kwa hiyo tangi la gari ya kijijini halijai ila kwa nadra, na sehemu yake ya juu hukaa miaka na miaka ndani ya hewa yenye unyevu na chumvi. Hili nitalirudia, kwa sababu ndilo lililomtia hasara mwenye gari.

Siku ya kwanza ilikuwa mwanzoni mwa masika. Gari ilikuwa na magunia ya mwani hadi juu. Jambiani na Paje ndiko kilimo cha mwani cha biashara kilikoanzia Unguja, mwaka 1989, na wakulima wake wengi ni wanawake. Mwani unakaa baharini wiki sita au zaidi, unavunwa maji yakitoka, unaanikwa, unageuzwa, unatiwa magunia. Ukishakauka adui yake ni mvua. Ukinyeshewa hubadilika rangi, huanza kuoza, na mnunuzi huukataa au huukatia bei. Kwa hiyo gari inayobeba mwani wakati wa masika imebeba kazi ya wiki kadhaa ya wanawake wengi, na haina ruhusa ya kusimama njiani.

Ilisimama. Walikuwa wameipita Kitogani, wameingia msitu wa Jozani, pale penye matuta yaliyowekwa kwa ajili ya kuwanusuru kima punju wanaovuka barabara. Gari ikapanda tuta, ikashuka, ikakohoa mara mbili, ikazima. Dereva akapiga selfu mpaka betri ikachoka. Wingu lilikuwa limeshafunga upande wa Unguja Ukuu.

Fundi aliyeitwa alifanya ambalo fundi yeyote angelifanya. Alilegeza skrubu ya kutolea upepo kwenye filta, akapiga pampu ya mkono. Likatoka povu, kisha povu na dizeli, kisha dizeli tupu. Akakaza skrubu, gari ikawaka.

"Imevuta upepo," akasema.

Alisema kweli. Ila hakuuliza upepo umeingilia wapi. Alikagua paipu zote kwa macho na kwa kidole, hakuona tone la dizeli popote, akaridhika kwamba hapavuji. Mwenye gari akalipa, na kwa kuogopa kukwama tena akapita kituo cha mafuta akajaza tangi. Mwani ulikuwa umeshalowa safu ya juu. Wiki ile gari haikuzima tena, na kila mtu akasema fundi ameiponya.

Hapa ndipo penye mtego wa kisa kizima, na nataka msomaji asipapite haraka. Paipu inayotoka tangini kwenda kwenye pampu ya kuvutia mafuta haina shindo la kusukuma nje. Ina mvuto. Pampu inanyonya, na hewa ya nje ndiyo inayoyasukuma mafuta yapande. Ufa ukiwa upande wa mbele, baada ya pampu, dizeli hutoka nje na fundi huiona. Ufa ukiwa upande wa nyuma, mashine ikifanya kazi hakitoki kitu. Hewa ndiyo inayoingia. Paipu hubaki kavu, safi, haina hatia machoni. Ndio yaleyale ya mrija wa kunywea dafu wenye tundu katikati: dafu limejaa, unanyonya, unapata upepo. Na maadamu tundu lile limezama ndani ya maji ya dafu, huna habari kwamba lipo.

Mara ya pili gari ilizimia karibu na Tunguu. Fundi akabadilisha filta zote mbili. Zilikuwa chafu kweli, kwa hiyo haikuwa kazi ya bure, lakini haikuwa dawa. Mwenye gari akajaza tangi, gari ikaenda vizuri siku kadhaa. Mara ya tatu nozo zote zikafunguliwa zikapelekwa mjini kupimwa, mbili zikabadilishwa. Akajaza tangi, gari ikaenda. Mara ya nne fundi, naye amechoka na ameona aibu, akatoa hukumu ambayo kila mwenye gari ya dizeli huiogopa: pampu kubwa imekufa.

Pampu kubwa, ile inayosukuma dizeli kwenye nozo, ndiyo roho ya gari ya dizeli na bei yake ni ya roho. Ilifunguliwa, ikapelekwa mjini, vipuli vikatafutwa Darajani na Mwanakwerekwe, vikakosekana, vikaagizwa kwa mtu aliyevuka na boti kwenda kuvitafuta Gerezani, Dar es Salaam. Mwenye gari hakuwa na fedha hizo. Zilitoka kwenye kikoba cha mkewe, fedha za mwani, zilizokuwa zimewekwa kwa ajili ya kumalizia paa la nyumba. Wakati huo wote gari ilikuwa juu ya magogo na wateja wakatafuta gari nyingine.

Pampu ikarudi, ikafungwa, ikatolewa upepo. Tangi likajazwa. Gari ikawaka kwa selfu moja na kukimbia vizuri kuliko ilivyokuwa miaka mingi. Dizeli iliposhuka tangini, ikazima tena. Jozani, kwenye matuta.

Sasa nimtaje utingo. Kila gari ya mizigo ina kijana wake: anayepanga magunia, anayetia kabari, anayelala chini ya gari kushika spana. Katika gari hii geji ya mafuta ilikuwa imekufa zamani, kwa hiyo kazi ya kupima dizeli ilikuwa yake. Alikuwa na kijiti cha mkoko kilichonyooka, alichokichonga alama kwa kisu, na kila asubuhi alikitumbukiza tangini akakitoa na kusoma. Hakuna mtu aliyejua habari za tangi lile zaidi yake. Na alikuwa amesema. Tangu mara ya pili, gari ilipokuwa imesimama Tunguu na fundi amezama chini ya boneti, alisema: "Mzee, mbona hii ikijazwa haizimi?"

Fundi akamjibu: "Wewe shika tochi."

Mwenye gari alikuwepo, akasikia, akanyamaza. Nalilaumu kosa hili kuliko yote yaliyofuata. Fundi ana haki ya kukosea; dizeli ina maradhi mengi na dalili zake hufanana. Lakini kijana alileta ushahidi ambao hakuna spana wala kipimo cha mjini kingeweza kuuleta, akanyamazishwa kwa sababu ya umri wake na kwa sababu mikono yake haikuwa na cheo. Adabu zetu zinamfundisha mdogo asimsahihishe mkubwa mbele za watu, na ni adabu njema. Hazikuwahi kumfundisha mkubwa asimsikilize mdogo.

Aliyekitegua kitendawili hiki alikuwa mzee mstaafu, aliyewahi kuendesha malori ya jeshi na sasa ana kibanda chake karibu na barabara. Alipita akaikuta Bedford imefunguliwa boneti kwa mara ya tano. Vijana wakamwamkia shikamoo, akaitikia, akasimama kidogo kuangalia. Hakugusa kitu. Akamuuliza mwenye gari:

"Inazima tangi likiwa na kiasi gani?"

Mwenye gari akasema dizeli ipo, si tatizo la mafuta kwisha.

"Sikuuliza kama ipo. Nauliza kiasi gani."

Hakujua. Dereva hakujua. Fundi akaanza kueleza habari za pampu. Yule mzee akamgeukia utingo. "Nawe mwanangu, kijiti chako kinakwambia nini?"

Kijana akaenda akakileta. Akaweka ukucha kwenye alama moja iliyo katikati. "Ikiwa juu ya hapa, babu, twenda mjini na kurudi. Ikishuka hapa, tuta la kwanza tu."

Mzee akaagiza dumu safi la dizeli na kipande cha mpira unaoonyesha ndani. Wakaikata paipu ya tangi pale inapoingia kwenye pampu ndogo ya kuvutia, wakaunganisha ule mpira, upande wa pili wakautumbukiza ndani ya dumu, dumu likafungwa imara kando ya mashine mbali na paipu ya moshi. Wakatoa upepo. Gari ikawaka, ikanguruma nusu saa, ikatiwa mwendo ikaenda mpaka Paje na kurudi. Haikukohoa. Kwa kazi hiyo, isiyogharimu hata bei ya filta, mashine nzima, pampu kubwa, nozo na filta vyote vilitolewa lawamani. Ugonjwa ulikuwa nyuma, baina ya pampu ndogo na chini ya tangi. Kisha wakaurudisha mpira uleule unaoonyesha ndani upande wa tangi, na kila mtu akaona kwa macho yake mapovu yanapita.

Kutoa bomba la kunyonyea ndani ya tangi ilikuwa kazi ya jasho. Skrubu zilikuwa zimeshikana na kutu, mbili zikakatika. Bomba likatoka refu, jeusi, limevaa ganda. Sehemu ya chini, ile iliyokuwa ikiishi ndani ya dizeli, ilikuwa nzima na laini. Sehemu ya juu ilikuwa imeliwa. Mzee akaziba ncha ya chini kwa kidole gumba, akalizamisha bomba kwenye ndoo ya maji, akamwambia kijana apulize mpira uliofungwa juu. Mapovu yakatoka katikati ya bomba, mistari mitatu membamba, kwenye matundu ambayo hata ncha ya sindano ya cherehani isingepita. Wakakilaza kijiti cha mkoko kando ya bomba, mwisho kwa mwisho. Alama ya utingo ilikaa sawasawa na tundu la chini kabisa.

Mambo yote yakafunguka hapo. Tangi likiwa limejaa, matundu yalikuwa yamezama, na bomba likanyonya dizeli kupitia kila tundu. Dizeli iliposhuka chini yake, matundu yakabaki hewani na bomba likanyonya upepo. Unguja ni tambarare, hakuna mlima wa maana njia ya Jambiani, kwa hiyo dalili inayojulikana bara, gari kuzimia mlimani, haikuonekana; matuta na kona ndiyo yaliyoyatikisa mafuta mpaka matundu yakafunuka kabla ya wakati wake. Na kila fundi alipomaliza kazi, mwenye gari alijaza tangi. Dawa iliyofanya kazi mara nne ilikuwa ni ule ujazo, na mara nne sifa na malipo vilikwenda kwingine.

Maradhi haya yana ndugu zake, na gari za jeshi za nchi nyingine zinayajua. Gari ndogo za dizeli za jeshi la Marekani za miaka ya 1980, zile zilizoundwa na General Motors kwa mashine ya lita 6.2, zina soksi ya chujio kwenye ncha ya bomba ndani ya tangi. Soksi ikizibwa na utelezi, mafuta huingilia kwenye kilango kilichoko juu zaidi, na gari huweza kuzima ilhali tangi bado lina akiba. Kwenye gari nyingine chujio huziba polepole: unakwenda kilomita kadhaa, uchafu unavutwa na kulibana, mashine inazima, unakaa robo saa, uchafu unaanguka wenyewe, mashine inawaka bila kuguswa, na fundi anaapa kuwa hakuna ugonjwa. Fundi mwingine hupuliza paipu kwa upepo wa kompresa kurudi tangini. Gari hupona siku mbili, kisha takataka zilezile hurudi mahali pake. Kupuliza ni kipimo kizuri cha kukuonyesha njia imeziba. Ukiigeuza dawa, umejidanganya. Na mara nyingine ni kitundu cha kupumulia cha tangi kilichozibwa na tope. Ukifungua kifuniko ukasikia tangi linavuta pumzi, na gari ikawaka baada ya hapo, usitafute mbali.

Hata jenereta haikusalimika na hili. Umeme ulipokatika Unguja nzima, karibu mwezi mmoja mwaka 2008, kisha karibu miezi 3 kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010, watu wengi walijifunza kuweka dizeli ya jenereta kwenye mapipa na madumu. Desturi hiyo haijatutoka, na pipa kuukuu lililoachwa nusu hukusanya maji na kutu sawasawa na tangi la gari. Dizeli ya pipa ipitishwe kwenye kitambaa kizito kabla ya kutiwa tangini, na ile ya chini kabisa imwagwe kwenye chombo cha kando ikatulie.

Kuhusu bomba jipya, mambo machache ambayo nimeona yakifanywa vibaya. Lisiundwe kwa bomba la maji lililopakwa zinki, kwa sababu dizeli na zinki hufanya kazi pamoja na kuzaa uchafu unaoziba nozo. Ncha yake isiguse chini ya tangi. Iachwe juu kiasi cha upana wa kidole, ikatwe mshazari, ili maji na matope yabaki chini na yatolewe kwa kizibo cha kumwagia. Mpira wa kuunganishia uwe wa mafuta. Wa kumwagilia bustani hulainika na kujibana wenyewe ndani ukivutwa. Tangi lisichomelewe kwa sababu tu limemwagwa, maana mvuke unaobaki umeua mafundi. Wala mtu asivute dizeli kwa mdomo. Tumezoea kuwaona vijana wakifanya hivyo na kutema mate, lakini dizeli ikiteleza kuingia mapafuni hata funda moja laweza kumlaza mtu hospitali, na wengine hawakutoka.

Bedford ile inatembea. Bomba jipya liligharimu sehemu ndogo sana ya ilivyogharimu pampu, na pampu ile, inavyoelekea, haikuwa na ugonjwa wowote. Fedha za kikoba hazikurudi. Wala hasara ya wanawake ambao magunia yao yalinyeshewa Jozani haikulipwa na mtu, kwa sababu mwani ukikataliwa kwenye mizani hakuna anayeuliza gari ilizima kwa nini.

Wewe mwenye gari kuukuu, ya jeshi au ya mchanga, kesho nunua daftari la kurasa chache ulitundike mlangoni. Kila gari inapozima, iandikwe: wapi, saa ngapi, imebeba nini, na tangi lilikuwa na kiasi gani. Mpe utingo alishike yeye. Fundi akija, kabla hajafungua boliti moja, mwambie asome, na utingo awepo hapo kumjibu.